Kigari cha Mtoto na Ngazi za Ghorofa

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)



Juma hili naomba tuzungumze juu ya kigari cha mtoto mchanga. Najua wapo watakaoguna. Bei ya unga ipo, nauli ipo, ada za shule zipo, na huyu anatuletea habari za vigari vya watoto! Naomba mnivumilie. Katika kigari hicho mna mshahara wa mtu, mna mgongo wa mama aliyetoka kujifungua, na mna pumzi ya kiumbe mwenye umri wa wiki 2.

Nazungumza hasa na wazazi vijana wanaokaa kwenye majumba ya ghorofa, wale ambao wakifungua mlango wa nyumba yao hawatoki uani, wanatokea kwenye ngazi.

Mimi kwetu ni Mitundu. Kwa wasioijua, Mitundu iko Mkoa wa Singida, kusini mwa Itigi, katika barabara ile iendayo Rungwa na kuendelea hadi Makongolosi upande wa Mbeya. Ni nchi ya alizeti na asali, na ya vichaka vile vizito vya Itigi ambavyo mgeni akiingia bila mwenyeji hutoka amechanika shati. Huko kwetu mtoto mchanga hana kigari, wala hakuna anayemwonea huruma kwa kukikosa. Mama akiamka anafungua mlango, na hapo nje ndipo jikoni, ndipo baraza, ndipo kivuli cha mti. Akitaka kuchota maji, yupo shangazi wa kumpokea mtoto. Akitaka kukoroga ugali, yupo mama mkwe. Mtoto anapita mkono kwa mkono tangu asubuhi hadi jioni, na hakuna anayehesabu amebebwa na wangapi. Safari ikiwepo, ipo mbeleko.

Sasa mtoto wa Mitundu amesoma, amepata kazi, ameoa au ameolewa, na amepanga chumba na sebule ghorofa ya tatu mjini. Shangazi hayupo. Jirani wa mlango wa pili wanasalimiana naye kwa kutikisa kichwa. Kivuli cha mti kimebaki kwenye picha ya ukutani. Hapo ndipo kigari kinapoingia. Nasema hivi kwa sababu wengi hudhani kigari kinashindana na mgongo wa mama, kwamba ni mbeleko ya kizungu. Mimi naona kwamba kinashindana na mikono ya shangazi. Ukikitazama hivyo, utajua cha kukidai na cha kutokidai, na utanunua kingine kabisa badala ya kile ulichokiona kwenye tamthilia.

Majumba ya ghorofa kwetu si mambo ya jana. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1971 akaja Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 vyombo hivyo viwili vikaunganishwa kuwa shirika moja. Ng'ambo ya bahari, Unguja, serikali ya Mzee Karume baada ya Mapinduzi ya 1964 ilijenga majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na watu wakahamia humo kutoka nyumba za udongo za Ng'ambo. Karibuni zaidi, mwaka 2022, familia 644 za Magomeni Kota zilikabidhiwa majengo mapya mahali pale pale ambapo nyumba zao za zamani zilivunjwa. Ukienda Nairobi, kule Pipeline, Embakasi, utakuta majengo ya ghorofa saba na nane yamebanana mpaka jua linaingia kwa zamu.

Majengo mengi ya zamani hayana lifti. Aliyeyachora alimfikiria mtu mzima mwenye miguu miwili na mikono mitupu. Haya mapya yanazo, lakini lifti inatembea kwa umeme, na umeme ukikatika mwenye nyumba ya ghorofa ya saba na mwenye nyumba ya ghorofa ya tatu wote ni sawa, isipokuwa huyu wa saba atachelewa kidogo. Kwa hiyo ninaposema ngazi, hata wewe mwenye lifti nakuhesabu.

Basi tupige hesabu. Kigari kikubwa cha kawaida, kile chenye kitanda kinene, magurudumu mapana na kapu la chini, uzito wake huwa kilo 10 hadi 15. Tuchukue 12. Mtoto mchanga ni kilo 3 na kitu. Hapo umekwisha kufika kilo 15, yaani robo tatu ya ndoo kubwa ya maji ya lita 20, na hujaweka nepi wala chupa ya chai. Lakini ndoo ina mkono mmoja wa kushika na inatulia. Kigari kina pembe, kinagonga ukuta, kinageuza magurudumu kinavyotaka, na ndani yake kuna mtu. Mpaka ghorofa ya tatu vidato vinakaribia 50. Vinapandwa kila unaporudi nyumbani.

Nani atavipanda? Hapo ndipo sheria inapotusaidia kupata jibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku zisizopungua 3, nazo azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mtu akitaka kulalamikia siku hizo 3 namuunga mkono, lakini leo nataka tuzitumie kama kipimo cha dukani. Kigari ambacho lazima baba ashike huku na mama ashike kule ndipo kipande ngazi, hicho ni kigari cha siku 3. Siku 81 zinazobaki mama yuko peke yake nacho. Na kama alijifungua kwa upasuaji, ambao mijini sasa si jambo la nadra, hospitalini watakuwa wamemwambia kwamba kwa muda wa wiki 6 hivi asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto mwenyewe.

Nitatoa mfano, bila jina la mtu. Mpwa wangu mmoja na mkewe, wakazi wa Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, walipata mtoto wao wa kwanza, na wenzake wa kazini wakachanga wakamnunulia kigari. Kigari kizuri kweli, cheusi, kina chandarua na mahali pa kuweka kikombe. Nilipokwenda kumwona mtoto nilikikuta chini, kimefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya ngazi, pembeni ya pikipiki na gunia la mkaa la mtu.

Nikamwuliza, "Vipi, kigari mbona kiko chini?"

Akanijibu, "Mjomba, juu hakipandi. Kinalala hapa."

"Na mtoto?"

"Mtoto yuko juu."

Mama yake mzazi alikuwa amekuja kutoka Mitundu kumhudumia mkwewe, na kila akipita pale chini alikuwa akikitazama. Siku ya tatu alimwuliza mwanawe kwa upole kabisa, "Baba, hili gari ni la mtoto au ni la mlinzi?" Maana mlinzi alikuwa ameshaanza kuweka kandambili zake kwenye lile kapu la chini.

Siwacheki hao wachangaji. Walitoa kwa moyo. Ila waliosimama dukani hawakuwa wamezipanda zile ngazi. Na hili la kuacha kigari chini lina ubaya zaidi ya wizi na vumbi. Mahali pa chini ya ngazi ndipo watu wanapopita moto ukiwaka au mtu akizidiwa usiku. Pikipiki inatosha kuwa kero, tusiongeze vigari.

Sasa mtu ataniambia: basi nitanunua kile chepesi, kinachokunjika kama mwavuli. Hapo ngoja kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea, na kosa lenyewe linamhusu mtoto kuliko mfuko.

Vigari vya watoto vilianza kama mchezo wa matajiri. Mwaka 1733 Mwingereza William Kent alitengeneza kimoja chenye umbo la kombe la pwani kwa watoto wa mtawala wa Devonshire, kikivutwa na mnyama. Kwa zaidi ya miaka 200 baada ya hapo vilibaki kuwa vitu vizito, vya watu wenye watumishi na milango mipana. Aliyevigeuza ni mhandisi mstaafu wa ndege, Owen Maclaren, ambaye alishiriki kazi ya magurudumu ya ndege za kivita za Spitfire. Inasimuliwa kwamba binti yake alikuja kutoka Moscow na mjukuu, akawa anahangaika na kigari kizito, na mzee akaona aibu kwamba ndege inaweza kukunja miguu yake lakini kigari cha mtoto hakiwezi. Mwaka 1965 akabuni kigari cha bomba za alumini kilichokunjika kama mwavuli, na uzito wake haukufika kilo 3. Karibu kila kigari chepesi mnachokiona leo kina kitu fulani alichokianzisha mzee huyo.

Lakini kigari kile kilikuwa cha kukalia. Mtoto aliketi ndani ya kitambaa kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha ufukoni. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hakuna neno. Kwa mtoto wa wiki 2 ni hatari. Mtoto mchanga kichwa chake ni kizito kuliko nguvu ya shingo yake. Ukimketisha, kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Hatalia, kwa sababu anayekosa hewa halii. Mtoto mpaka akaze shingo na aweze kukaa mwenyewe, kwenye miezi 6 hivi, anatakiwa alale chali, sawasawa, juu ya godoro gumu kidogo lisilobonyea. Kiti cha kuegemea nusu hakitoshi, hata muuzaji akikuapia kwamba ni cha kuanzia siku ya kwanza.

Kwa hiyo kigari kilichofanywa kwa ajili ya ngazi hakifai kwa mchanga, na kigari kinachomfaa mchanga hakipandi ngazi. Mzazi wa ghorofani amebanwa hapo katikati, na wauza vigari wanalijua hilo. Siku hizi kipo cha kati: kidogo, kinakunjika, na mgongo wake unashuka mpaka ukawa bapa kama kitanda. Vingi vya namna hiyo huwa kati ya kilo 6 na 9. Bei yake ni kubwa kuliko ya mwavuli, na baadhi yake ni kubwa kuliko hata ya vile vizito, maana unalipia wepesi.

Ushauri wangu? Kwa mama mwenye mtoto mmoja, asiye na lifti, na ambaye mwenzake anaondoka saa 12 asubuhi, mimi naona asinunue kigari chochote kabla ya mtoto kuzaliwa. Asubiri arobaini ipite. Wazee wetu walipomweka mzazi ndani siku 40 hawakuwa wamesoma kitabu cha mhandisi yeyote, lakini siku hizo zinakaribiana sana na zile wiki 6 za hospitali. Katika siku hizo hana safari za matembezi. Akishazimaliza atakuwa ameujua mwili wake umerudije, amezijua ngazi zake, na atajua kama anahitaji kigari cha kulala sasa, au anaweza kwenda na mbeleko mpaka mtoto akae, kisha anunue kile cha mwavuli kwa fedha kidogo. Wengi, nadhani, watafuata njia hii ya pili, na hawatajuta.

Mwenye mapacha simwambii hivyo. Huyo kigari ni chake kwa haki, na majirani wamsaidie kukipandisha. Vivyo hivyo mama mwenye maumivu ya mgongo au ya nyonga, au anayelea peke yake bila hata dada wa kazi. Hao wanunue kile cha kati kinacholala bapa, na kama fedha ni pungufu, wale wanaotaka kuchanga wachangie hicho badala ya kile cheusi chenye mahali pa kikombe.

Nimetaja mbeleko, na naomba nisieleweke kwamba naitaja kwa sababu ya umaskini. Mwaka 1986 madaktari wawili, Hunziker na Barr, walichapisha utafiti walioufanya Montreal, Kanada, kwa akina mama 99 na watoto wao. Kundi moja liliambiwa liwabebe watoto zaidi kwa kiasi cha saa 3 kwa siku, hata kama hawalii. Walipofikisha wiki 6, umri ambao watoto hulia kuliko wakati wowote, wale waliobebwa walikuwa wanalia kwa asilimia 43 pungufu ya wenzao. Bibi zetu wa Mitundu wangewaeleza hayo bila kutumia karatasi.

Ila mbeleko nayo ina masharti kwa mchanga. Mgongoni bado, shingo haijakaza. Abebwe kifuani, wima, uso uonekane, pua iwe wazi, kidevu kisizame kifuani, na kitambaa kiwe kimekaza kiasi kwamba mama akiinama kidogo mtoto habonyei kando. Mama akitazama chini aweze kukibusu kichwa cha mtoto. Na akina baba, kanga haing'ati. Nimewaona vijana wawili watatu mjini wamebeba watoto kifuani wanakwenda dukani, na hakuna aliyeanguka kwa aibu.

Zifikirieni pia safari zenyewe ambazo mtoto wa umri huo anakwenda. Safari kubwa ni kliniki: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kupimwa uzito. Kule kliniki kuna mabenchi, na kwenye mabenchi akina mama wamebanana. Kigari utakiacha mlangoni na macho yako yatabaki huko huko. Kwenye daladala nako mnajua wenyewe. Kondakta atakutoza nauli ya kigari au atakuacha kituoni. Mabasi ya mwendokasi, tangu yaanze mwaka 2016, yana vituo vilivyoinuliwa sawa na mlango wa basi, na kigari kingeingia vizuri sana kama asubuhi kungekuwa na nafasi hata ya mwavuli. Bajaji ndiyo yenye nafuu, kwa sharti kwamba kigari kikunjike kikae mbele ya magoti yako.

Liko na jambo la moshi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walieleza mwaka 2018 kwamba mtoto aliye ndani ya kigari huweza kuvuta hewa chafu hadi asilimia 60 zaidi ya mtu mzima anayemsukuma, kwa kuwa amelala karibu na kimo cha bomba za moshi za magari. Simameni kando ya Barabara ya Morogoro saa 1 asubuhi mtaamini bila kusoma. Mwenye kigari apite mitaa ya ndani, akingojea kuvuka asimame nyuma ya ukingo, asitangulize kigari barabarani kama fimbo ya kupimia kina. Na jua likiwa kali msikifunike kigari kwa kanga pande zote. Hewa haizunguki, joto linapanda haraka, na mtoto mchanga hawezi kujipoza kama sisi. Chandarua kinatosha kwa nzi na mbu, na kivuli kitafutwe cha mti au cha jengo.

Sasa, kazi kubwa ya kigari ghorofani wala haiko barabarani. Iko ndani. Mama yuko jikoni, chumba ni kile kile kimoja na sebule, mtoto hataki kulazwa mbali. Kigari kinachopita mlangoni kinasogezwa mpaka kwenye kizingiti cha jiko, mtoto analala akimsikia mama, mama anafua au anapika mikono yake ikiwa huru. Hiyo ndiyo kazi ya shangazi niliyoisema mwanzo. Breki zifungwe, kiwe mbali na moto na sufuria ya mafuta, kiwe mbali na mlango wa ngazi, na usiku mtoto arudi kwenye kitanda chake chini ya chandarua. Kigari si mahali pa kulala usiku kucha.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kwenda dukani, chukueni ile futi ya fundi cherehani mpime nyumba. Mlango wa jiko, ambao katika nyumba za zamani ni mwembamba. Kona ya ngazi mahali zinapogeuka. Mlango wa lifti kama ipo. Na uvungu wa kitanda, maana huko ndiko kigari kitakakolala. Kikikunjwa kikawa kinene kuliko uvungu, kitaishia sebuleni, na sebule yenyewe tunaijua. Viandikeni vipimo hivyo kwenye karatasi mwende navyo.

Kariakoo vigari vimejaa, vipya na vya mtumba. Muuzaji atakusifia rangi. Mwombe akuruhusu ukikunje mwenyewe. Beba mkononi mfuko wa sukari wa kilo 3, uukumbatie kama mtoto, kisha kwa mkono uliobaki kunja kigari, kinyanyue, tembea nacho mpaka mlango wa duka na kurudi. Watu watacheka, waache wacheke. Kama huwezi kufanya hivyo kwenye sakafu ya duka, huwezi kufanya hivyo kwenye ngazi yenye giza. Na anayefanya jaribio hili awe yule atakayekitumia. Baba mwenye mabega mapana akikinyanyua dukani kwa kidole, hatujajua lolote.

Cha mtumba sikikatazi. Fremu nzuri ya alumini ni afadhali kuliko mpya ya bati jepesi. Ila kiangalieni kama mnavyoangalia pikipiki ya mtumba. Breki zishike magurudumu kweli, jaribuni kwenye mteremko. Mkanda uwe na sehemu zote tano: mabegani, kiunoni na katikati ya miguu. Kile kitasa kinachozuia kigari kisijikunje chenyewe kifunge kwa mlio, na kibaki kimefunga mkikitikisa. Kitambaa chenye ukungu wa zamani hakitoki harufu hata kifuliwe vipi. Na viungo vya kukunjia vichunguzeni kwa makini. Mwezi Novemba 2009, nchini Marekani, vigari karibu milioni 1 vya Maclaren, kampuni ile ile ya mzee wa mwavuli, viliitwa virudi kurekebishwa baada ya taarifa 12 za watoto kukatika ncha za vidole kwenye bawaba wakati wa kukikunjua. Dawa yake ilikuwa vifuniko vya kuzifunika bawaba hizo. Vigari vya miaka hiyo havikuteketezwa vyote, na kontena za mitumba hazichagui mwaka. Kigari chochote, cha jina lolote, mtoto awe mbali na mikono yake iwe mbali wakati kinapokunjwa au kukunjuliwa.

Kosa jingine la kila siku ni kutundika mifuko ya sokoni kwenye mpini. Kigari chepesi hakina uzito wa kujizuia. Ukimtoa mtoto, au hata akiwemo, nyanya na vitunguu vinakivuta nyuma na kinabinuka. Mizigo ikae chini, kwenye kapu, au mkononi mwako.

Nimalizie na wale wenzangu wa Singida ambao mtoto akifikisha miezi michache watataka kumpeleka akaonwe na babu yake. Siku hizi safari imekuwa nyepesi. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, na vituo vyake ni mahali pachache mjini ambapo kigari kinasukumwa bila kugombana na mtu. Kutoka Dodoma ni basi, Manyoni, kisha Itigi, kisha tena gari la kwenda kusini. Kwenye buti la basi kigari kitabanwa chini ya magunia na kitatoka kimepinda. Na ukifika nacho Mitundu kikiwa kizima, yale magurudumu madogo ya sakafu ya ghorofa yatazama kwenye mchanga kabla hujafika kwenye lango la mzee. Kiacheni uvunguni Dar. Chukueni kanga mbili, moja ya kubebea na moja ya kubadilisha, maana kuanzia siku mtakayoshuka pale, mtoto hamtamwona mikononi mwenu mpaka wakati wa kunyonya.